Soko halijui ulinunua kwa bei gani

Swali: "Mimi ni muuguzi hapa Mombasa, nina miaka 41. Mwaka 2021 nilinunua hisa 3,000 za kampuni moja kwa shilingi 38 kila moja. Baadaye nikanunua hisa 2,000 za benki fulani kwa 28. Za benki zilipofika 34 niliziuza mbio, nikashukuru Mungu kwa faida. Katika pesa hizo, elfu ishirini nililipa karo, na elfu arobaini na nane nikaongeza hisa 2,000 za ile kampuni ya kwanza, ambayo ilikuwa imeshuka hadi 24, ili nishushe wastani. Leo kampuni hiyo iko 17 na ile benki niliyoiuza iko 45. Sitaki kuuza kwa hasara. Nangoja irudi 32.40, ndio wastani wangu wa kununulia, nitoke salama. Nikiwa zamu ya usiku naangalia bei kwenye simu hata mara kumi. Kikundi chetu cha WhatsApp kinasema tuvumilie. Je, tatizo ni soko au ni akili yangu? Halafu mume wangu hajui. Nimwambie?"

Jibu

Dada yangu, una hisa 5,000 ambazo leo thamani yake ni shilingi 85,000. Naanzia hapo makusudi. Umenitajia 38, umenitajia 24, umenitajia wastani wako pamoja na senti zake, lakini 85,000 hukuitaja hata mara moja. Na si kwamba hujui kuzidisha. Mtu anayepima dawa kwa mililita hashindwi na hesabu hiyo. Ila hiyo ndiyo namba inayouma, na akili zetu zina ujanja wa kutupitisha njia ya mzunguko ili tusikanyage panapouma.

Umeuliza kama tatizo ni soko au ni akili yako. Soko limefanya lake, limeshusha bei. Lakini jambo linalokukosesha usingizi, uzishike au uziachie, umelitundika kwenye 32.40, na namba hiyo haiko sokoni. Iko kichwani mwako. Wanaoijua ni wewe, dalali wako, na sasa mimi. Wakurugenzi wa kampuni wakikaa kikao hawaijui. Atakayezinunua hisa zako kesho asubuhi hataiuliza. Unangoja soko likulipe deni ambalo halijui kama lipo.

Chukua mfano wa Safaricom, maana ni nadra kumpata Mkenya asiye na jamaa aliyewahi kuwa na hisa zake. Mwaka 2008 serikali iliwauzia wananchi kwa shilingi 5 kila hisa. Mwaka 2021 bei ilipita 40. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa imeporomoka chini ya 15. Sasa jifanye umeketi barazani siku moja ya Desemba 2023 na watu wawili, mmoja alinunua 2008, mwingine 2021. Wana hisa ileile, ya kampuni ileile, mgao uleule wa faida, bei ileile. Wa kwanza yuko kifua mbele: pesa yake imezaa zaidi ya mara mbili, na anawaza auze sasa asije akapokonywa faida. Wa pili amenuna, anaapa hauzi mpaka irudi 40. Kama hisa hiyo ilistahili kushikwa siku ile, ilistahili kushikwa na wote wawili. Kama haikustahili, basi haikustahili kwa wote wawili. Kilichowatenganisha ni siku waliyopita mlangoni tu, na siku hiyo haibadilishi chochote kuhusu mwaka ujao wa kampuni.

Waliolichunguza jambo hili kwa kina ni wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, katika makala waliyoitoa mwaka 1979. Kahneman alikuja kutunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2002. Mwenzake alikuwa amefariki tangu 1996. Walichokigundua ni kwamba mtu hapimi mali yake kwa jumla yake. Huweka alama mahali fulani, aghalabu pale alipoanzia, kisha huhesabu amepanda au ameshuka kutoka kwenye alama ile. Na kushuka huuma zaidi kuliko kupanda kunavyofurahisha. Makadirio yao ya baadaye yaliweka uchungu huo kwenye kama mara mbili na robo. Jipime mwenyewe: tukirusha sarafu, ukishindwa unanipa shilingi 1,000, je, ukishinda nikupe ngapi ndipo ukubali kucheza? Wengi hawakubali 1,100, wala 1,300. Hulegea wakisikia kama 2,000.

Hilo la uchungu watu wengi wamelisikia. La pili halisemwi sana, nalo ndilo lililokupata wewe. Mtu akiwa juu ya alama yake huwa mwoga: anataka afunge faida aende nyumbani. Akiwa chini ya alama huwa mcheza kamari: yuko tayari kuhatarisha zaidi, ili mradi pawe na tumaini la kurudi sufuri. Ni mtu yuleyule, ana akili ileile, pengine ni siku ileile. Angalia ulivyofanya. Benki ilikuwa juu ya alama yako kwa shilingi 6 ukaikimbia. Kampuni ilikuwa chini ya alama yako kwa shilingi 14 ukaiongezea elfu arobaini na nane. Kama ningekuwa mgeni nisiyejua bei ulizonunulia, ningeona mwanamke aliyeuza kilichokuwa kikipanda akanunua kilichokuwa kikishuka, na ningekuuliza umeona nini katika hizo kampuni mbili. Jibu la kweli ni kwamba hukuziangalia kampuni. Uliangalia alama zako.

Usijilaumu kupita kiasi, maana uko na wenzako wengi. Watafiti Hersh Shefrin na Meir Statman waliieleza tabia hii mwaka 1985: watu huuza mapema zilizopanda na hung'ang'ania zilizoshuka. Kisha mtafiti mwingine, Terrance Odean, akapata kumbukumbu za akaunti 10,000 za wateja wa dalali mmoja wa Marekani, za mwaka 1987 hadi 1993, akahesabu. Katika kila nafasi 100 za kuuza hisa yenye faida, wateja walizitumia karibu 15. Katika nafasi 100 za kuuza hisa yenye hasara, walizitumia karibu 10. Na je, walikuwa na sababu? Mwaka uliofuata, hisa za faida walizouza zilizipita zile za hasara walizobaki nazo kwa asilimia 3.4 kwa wastani. Yaani waliuza kuku watagao wakabaki na majogoo.

Kuna kituko kimoja ndani ya takwimu zake ambacho hunichekesha kila nikikikumbuka. Huko Marekani ukiuza kwa hasara unapunguziwa kodi, kwa hiyo serikali yenyewe inakubembeleza uuze zilizoshuka. Watu hawakubembelezeka, isipokuwa mwezi wa Desemba, mwaka wa kodi unapofungwa. Desemba ikiingia, nafasi za kuuza kwa hasara hutumiwa zaidi kuliko za kuuza kwa faida. Mtu anaweza kuiona hasara, ila anataka apewe kisingizio chenye heshima cha kuikubali. Sisi huku hisa za sokoni hazitozwi kodi ya ongezeko la mtaji, basi hata hicho kisingizio cha Desemba hatuna.

Tunacho kingine. Nimekisikia Nairobi, nimekisikia Malindi, na nina hakika hata kikundi chenu kinakisema: "Hasara ni ya karatasi mpaka uuze." Sentensi hii ni tamu, tena ina nusu ya ukweli, ndiyo maana haifi. Lakini pima upande wa pili. Benki yako ilipokuwa 34, mbona hukusema faida ni ya karatasi? Uliiona ni pesa, tena ukailipia karo. Ukipanda ni pesa, ukishuka ni karatasi. Anayenunua hajui karatasi, anakupa 17.

Nami nisijifanye nilizaliwa na busara hii. Mei 2006 KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, iliingia Soko la Hisa la Nairobi. Walionunua kwa 11.90 waliona bei ikipita mara tatu ya hiyo siku ya kwanza. Mimi sikununua. Miaka miwili nzima nililiona hilo kama kofi la usoni, kila harusi kuna mtu anasimulia alivyovuna. Kwa hiyo hisa za Safaricom zilipotangazwa Machi 2008, sikuuliza swali lolote kuhusu Safaricom. Nilichukua mkopo kwenye benki moja, nikapanga foleni na shemeji yangu tangu alfajiri, jua likitupiga, watu wamekalia makatoni, mmoja anauza mahamri kwa foleni nzima. Nilikuwa na cheti cha uhasibu ukutani wakati huo! Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, tukapewa kipande tu cha tulichoomba. Juni bei ilipita 7, tukacheka. Mwanzoni mwa 2009 ilikuwa chini ya 3, na riba ya mkopo inaendelea kulia kama mtoto wa jirani.

Sikuuza. Nilisema uleule usemi wa karatasi. Baadaye bei ilipopanda tena ikapita 5, shemeji aliuza asubuhi, mimi nikauza alasiri kwa 5.50, tukaenda kula biriani kusherehekea kwamba "tumetoka salama." Kampuni yenyewe wakati huo ilikuwa na wateja wengi wa M-Pesa kuliko siku ile ya foleni. Yaani tuliishika ilipotutisha, tukaiacha ilipokuwa na nguvu zaidi. Sijutii kwamba sikuotea ile 40 ya 2021, hakuna aliyeijua. Ninachokiona aibu ni sababu yangu ya kuuza. Sikuuza kwa kuwa kampuni imebadilika au kwa kuwa nilihitaji pesa. Niliuza kwa kuwa bei iligusa namba yangu.

(Anayedhani elimu ni kinga amkumbuke Isaac Newton. Mwaka 1720 alikuwa na hisa za South Sea Company huko London, akaziuza kwa faida nzuri, kisha akawaona wenzake wanaendelea kutajirika, akarudi kununua bei ikiwa juu. Ilipoanguka alipoteza mali nyingi. Aliyekokotoa mwendo wa sayari alishindwa na wivu wa jirani.)

Namba tukishaiweka kichwani, hata kama haina maana, inatuvuta. Tversky na Kahneman waliwahi kuwazungushia watu gurudumu la bahati lililotegwa lisimame kwenye 10 au kwenye 65. Kisha wakawauliza: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Waliopata 10 walikisia, kwa kati, asilimia 25. Waliopata 65 walikisia 45. Gurudumu la mchezo na Umoja wa Mataifa, wapi na wapi? Lakini namba ilivuta. Sasa fikiria nguvu ya namba yako wewe, ambayo hukuizungushia gurudumu bali uliitolea mshahara.

Ndiyo maana naogopa mtu anaponiambia ameshusha wastani. Sisemi ni kosa kila mara. Kama umechunguza kampuni, ukaona bado imara, na bei ya leo ingekuvutia hata kama hukuwa na hisa hata moja, basi nunua. Lakini wewe mwenyewe umeandika sababu: "ili nishushe wastani." Wastani ulishuka kweli, kutoka 38 hadi 32.40. Uliitengeneza namba, si pesa. Zile 48,000 ulizoongeza leo ni 34,000. Ile benki ungeiacha mahali pake, zile 68,000 zingekuwa 90,000. Sikuambii haya nikuumize. Nakuambia ili uone kwamba ulilipa, tena pesa taslimu, ili namba moja kichwani ipungue ukali.

Na zile elfu ishirini za karo? Nina hakika hazikuuma kutoka. Zilikuwa "faida", na faida ina mfuko wake kichwani, mfuko mlegevu, ingawa faida yako halisi kwa benki ilikuwa 12,000 na zilizobaki zilikuwa mtaji. Lakini karo ni karo. Hapo sina neno.

Sasa kikundi chenu. Jiulize ni nani wamo humo. Ni watu wenye hisa ileile, wengi walionunua msimu uleule, wenye alama karibu na yako. Aliyeuza zamani ametoka kikundini, au yupo ila amenyamaza. Kwa hiyo unapouliza "tuvumilie?" unawauliza watu waliofungwa na kamba moja nawe. Waswahili tunasema fuata nyuki ule asali, ila kwanza uhakikishe nyuki hao wanaenda mzingani, hawajakwama kwenye dirisha lilelile. Ishara ya kuangalia ni hii: lini mara ya mwisho mtu alileta humo ukurasa wa ripoti ya mwaka ya kampuni? Na akileta habari mbaya, anajibiwa kwa hoja au anaitwa mwoga?

Kuhusu simu. Soko la Nairobi hufungwa saa tisa alasiri. Wewe unaangalia saa tisa usiku. Bei haijasogea, haiwezi kusogea, na unaijua. Unachokitafuta humo si habari. Lakini hata mchana kuna hatari ya kuangalia mara kwa mara, na wachumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi waliieleza vizuri mwaka 1995. Hisa, hata iliyo nzuri, hupanda leo ikashuka kesho, siku za kushuka zikikaribia siku za kupanda. Ukiipima kwa mwaka, miaka ya kupanda ni mingi zaidi. Sasa kumbuka kila kushuka kunauma mara mbili. Anayeangalia kila siku anakula uchungu mwingi ambao anayeangalia mara moja kwa mwaka hauonji kamwe, ingawa wana mali sawasawa. Thaler alipofanya majaribio pamoja na Kahneman na Tversky, waliooneshwa matokeo kwa nadra waliweza kustahimili hisa zaidi kuliko waliooneshwa kila mara. Iondoe hiyo programu kwenye simu. Bei utaijua tu, Kenya hii hakuna siri.

Usije ukageuka upande wa pili lakini, ukaona dawa ni kuuza na kununua kila wiki. Brad Barber na Odean walifuatilia kaya zaidi ya 66,000 za Marekani kati ya 1991 na 1996. Waliokuwa wakiuza na kununua sana walipata asilimia 11.4 kwa mwaka. Soko lenyewe lilitoa 17.9. Tofauti hiyo iliishia kwenye gharama na kujiamini. Katika utafiti wao mwingine, wanaume walifanya biashara ya hisa kwa asilimia 45 zaidi ya wanawake na wakajipunguzia mapato zaidi. Hilo mtunzie mzee wa nyumba siku akijigamba.

Tuje kwenye la kufanya. Sijui ni kampuni gani, na hata ningeijua nisingekuambia hapa uza au usiuze. Ila nakupa zoezi ninalowafanyisha wateja wangu wakija ofisini na uso kama wako.

Chukua karatasi, uipige mistari ya safu nne: jina la kampuni, idadi ya hisa, bei ya kununulia, bei ya leo. Andika kila ulicho nacho, pamoja na akiba yako ya chama na bondi kama unazo. Halafu ikunje karatasi ile ili safu ya tatu imezwe ndani ya mkunjo. Ibane kwa klipu. Mteja mmoja, mzee wa makamo, alipoikunja alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Hii ya tatu nani aliyeniwekea?" Ilikuwa hisa aliyoitetea kwa nusu saa kabla hatujakunja.

Ukiwa na karatasi iliyokunjwa, jiulize: badala ya hisa hizi 5,000, usiku huu mtu akikuwekea 85,000 kwenye M-Pesa, kesho asubuhi ungezipeleka zote kununua kampuni hii kwa 17? Ukisema ndiyo, na unaweza kutaja sababu mbili kutoka kwenye ripoti ya mwaka (mauzo, madeni, mgao, chochote ila si bei yake ya zamani), zishike kwa amani na uache kuangalia simu. Ukisema la, basi kila siku unayozishika ni kana kwamba unazinunua upya, bila kutaka.

Na usidanganywe na hadithi yangu ya Safaricom ukadhani zote hurudi. Mumias Sugar iliuza hisa kwa umma mwaka 2001, ikawa kipenzi cha wengi, na mwaka 2019 ikawekwa mikononi mwa mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, na hisa zake zikasimamishwa sokoni. Waliokuwa wakingoja irudi bei yao ya kununulia waligeuka kungoja tu siku ya kuweza kuuza kwa bei yoyote. Tena angalia hesabu yako: kutoka 38 hadi 17 ni kushuka kwa kama asilimia 55, lakini kutoka 17 kurudi hata 32.40 ni kupanda kwa asilimia 90. Inaweza kutokea. Ila iulize kampuni itapanda kwa kitu gani, usiiulize kwa kuwa unataka.

Kama jibu lako ni la, na mkono bado unakataa kubonyeza, uza nusu. Watu wa hesabu kali huidharau nusu, wanasema ama hisa inafaa ama haifai. Mimi naikubali, kwa kuwa kinachokuzuia ni majuto ya kesho: ikipanda baada ya kuuza utajilaani, ikishuka bila kuuza utajilaani. Ukiuza nusu, vyovyote itakavyokuwa utajilaumu nusu. Harry Markowitz, aliyepata Nobel ya 1990 kwa hesabu za kugawanya uwekezaji, alikiri kwamba pesa zake mwenyewe za uzeeni alizigawa nusu kwa nusu kati ya hisa na bondi, ili apunguze majuto. Kama yeye aliruhusiwa, nawe umeruhusiwa. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Siku ukinunua tena hisa yoyote, andika kwenye daftari, kabla ya kulipa, sababu ya kununua na jambo litakalokufanya uuze. Usiandike bei. Andika tukio: wakisimamisha mgao, deni likizidi kiasi fulani, wakipoteza leseni. Baada ya miezi sita akili itakuletea sababu mpya, nzuri kuliko za mwanzo, na ukiwa na daftari utaona kwamba ni mpya. Kujua peke yake hakutoshi. Kahneman mwenyewe alikuwa akisema kwamba kusomea makosa haya maisha yake yote hakukumfanya ayakwepe. Karatasi iliyokunjwa na daftari husaidia kwa sababu havichoki wala havioni aibu.

La mwisho, la mume wako. Sikulichukulia kama la pembeni, maana nadhani linashikilia hisa hizo kuliko 32.40. Maadamu hujauza, hakuna la kumwambia: ni karatasi, bado inasubiriwa. Siku ukiuza, linakuwa jambo lililotokea, lenye tarehe na kiasi. Kwa hiyo kila ukifikiria kuuza, unafikiria pia meza ya chakula na uso wake. Siri imekuwa sababu ya kushika hisa, na katika kampuni hiyo hakuna mhasibu anayeweza kuiandika kwenye ripoti.

Basi mwambie kabla hujaamua, usingoje baada. Usifanye hivyo asubuhi unapotoka zamu, macho mekundu, ngoja siku ya mapumziko. Na usianze na 162,000, wala usianze na 38 na jinsi kila mtu alivyokuwa akinunua mwaka ule. Mpe ile karatasi ikiwa imekunjwa, umwambie mna shilingi 85,000 mahali fulani na unataka mshauriane ziende wapi. Akitaka kujua ulizitolea ngapi, ikunjue mbele yake.